Kizimba cha sungura cha ghorofa mbili: angalia sakafu kabla hujalipa

Haya, karibuni tena, karibuni sana. Kimefika! Kile kizimba mlichokiulizia mwezi mzima kwenye maoni, cha chuma, ghorofa mbili, magurudumu manne, trei za kuvuta, hiki hapa. Urefu na upana nimeviandika chini ya video, na picha zake mmeziona kila mahali, kwa hiyo hapo sikai. Nataka tuingie mahali ambapo picha za muuzaji hazifiki. Sakafuni.

Ila kwanza mlango, maana unastahili sifa. Tazama. Unafunguka upande mzima wa mbele, mkono wangu unafika kona ya nyuma bila mimi kujipinda. Si jambo dogo hilo. Kizimba chenye kimlango chembamba kinakulazimisha kumvuta sungura, naye akivutwa hupiga teke kwa nguvu zake zote, na teke hilo linaweza kuuvunja uti wake mwenyewe wa mgongo. Hapa unaingiza mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, unamtoa ametulia. Komeo ni la springi, paka wa jirani halifungui. Mlango nimeupenda sana.

Sasa shukeni na mimi huku chini. Sogeza kamera. Hapo hapo.

Huu waya ni weldimeshi ya inchi moja kwa inchi moja. Sakafu ya sungura inataka nusu inchi kwa inchi moja, yaani milimita 12 na nusu kwa 25. Wa inchi kwa inchi uweke ukutani na kwenye paa, hapo hauna shida. Ukiuweka chini, mguu wa sungura mdogo unatumbukia. Tena huu ni geji 16. Kwenye geji, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba: geji 14 ni milimita 2 hivi, geji 16 ni 1.6. Na sungura hana zile nyama laini za chini ya mguu walizo nazo paka na mbwa. Ana manyoya, kisha ngozi, kisha mfupa. Basi.

Nina pakiti ya unga, kilo mbili. Mchukulieni huyo kuwa sungura mmoja mzima wa aina ya Dutch, uzito wao unakaribiana. Naiweka katikati, nalaza rula kutoka ukingo hadi ukingo. Mnauona mwanga chini ya rula? Naongeza pakiti ya pili. Kilo nne, sasa huyo ni New Zealand mweupe, na wengine wa aina hiyo wanapita kilo tano. Pima hapo. Sentimita moja na nusu, waya umebonyea. Nitawaonyesha sababu, subiri nikipindue... angalia. Hakuna chuma cha katikati! Fundi amechomelea waya kwenye fremu ya pembeni akaishia hapo, upana wa sentimita 60 hauna hata kimoja cha kuushikilia. Sakafu ikibonyea, sungura wanateremkia katikati, mkojo na kinyesi vinakwama hapo hapo walipokaa, na wanakaa katika maji maji mchana kutwa.

Jaribio la pili, na hili naomba mlibebe hadi dukani. Soksi ya nailoni. Naivaa mkononi, naipitisha juu ya waya pole pole. Imekwama. Hapa tena. Na hapa. Kila inapokwama kuna ncha ya zinki iliyoganda waya ulipochovywa, au tone la weldi ambalo halikupigwa msasa. Kidole hakikuisikia, soksi imeisikia, na huyo mnyama ataikanyaga usiku kucha. Muuzaji akikukataza kujaribu, ondoka.

Kidonda cha mguu kinaanza hivi. Manyoya ya kisigino cha nyuma yananyonyoka, ngozi inaonekana, rangi ya waridi. Hapo bado unamwokoa kwa kumpa mahali laini na pakavu pa kulala. Ikishakuwa nyekundu, ikaota kigaga au ikavimba, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo, kwa sababu usaha ukifika mfupani kuutoa ni kazi kubwa. Na jamani, usimpe amoksilini iliyobaki kwenye kabati lako! Dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni zinaua bakteria wazuri wa utumbo wa sungura, wabaya wanatawala, anaharisha, anakufa. Nimeyaona maswali mengi ya namna hiyo kwenye maoni ndiyo maana nalisema kwa sauti.

Wanaoumia mapema ni sungura wa aina ya Rex, manyoya ya nyayo zao ni mafupi, halafu wale wazito. Kucha ndefu nazo zinachangia: zinanyanyua vidole, uzito wote unarudi kisiginoni, na kwenye waya kama huu ukucha unanasa ukang'oka. Kata kila baada ya wiki nne hadi sita, ukiacha ule mshipa wa damu. Kama kucha ni nyeusi, washa tochi ya simu kwa nyuma, utauona.

Kinarekebishika? Kinarekebishika. Pale Kamukunji, Nairobi, kwa mafundi wa jua kali, mwambie akate sakafu hii yote, aweke weldimeshi ya nusu inchi kwa inchi, geji 14, na chini achomelee bomba mbili za mraba, moja kila sentimita 20. Upande wenye weldi apige msasa. Halafu funika nusu ya sakafu. Watu wanatandika zulia. Usithubutu, wanalitafuna na nyuzi zinaziba utumbo. Plaiwudi inakunywa mkojo, baada ya wiki chache inanuka hata ukiiosha. Mkeka wa ukindu ni mzuri, wakiutafuna hauwadhuru, utanunua mwingine. Vigae vya sakafu vya 30 kwa 30 vinafaa Januari na Februari jua linapowaka kwenye roshani, ila Julai viondoe, vinakuwa baridi mno.

Kwenye kona wanayopenda kukojolea weka beseni, magazeti chini, nyasi kavu ya Boma Rhodes juu. Sungura hula huku akijisaidia, kwa hiyo nyasi ndiyo inamvuta. Msiweke maranda mabichi ya saiprasi kutoka kwa seremala, ile harufu kali inawasha njia ya hewa.

Kabla sijasahau, Jumamosi nitakuwa laivu saa mbili usiku, tutaongea chakula tu: nyasi, majani ya viazi vitamu, na kwa nini majani ya parachichi ni sumu kwao. Jiungeni na chaneli, bonyezeni kengele.

Trei. Ni ya plastiki, nashukuru, kwa sababu trei ya bati inaliwa na mkojo. Lakini kina chake ni sentimita 2 na upande wa mbele hauna ukingo. Fanyeni hesabu: sungura wanne wa kilo mbili mbili wanaweza kukojoa karibu lita moja kwa siku. Naweka lita moja ya maji hapa... navuta... mmeona, yote sakafuni kwangu. Tandika magazeti mazito, badilisha asubuhi na jioni. Ule utando mweupe ni kalsiamu, mimina siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, acha dakika 10, sugua. Siki isiguse waya, inakula zinki. Na usilegee kwenye trei ya chini, amonia hupanda, wa ghorofa ya juu ndio wanaoivuta.

Chupa ya maji, sina mengi. Bonyeza kile kigololi kwa kidole kila asubuhi, kikikwama hawanywi na wewe hujui. Kwa kundi weka chupa mbili mbali mbali, au bakuli zito la udongo, kwa sababu mkubwa wao hukaa mbele ya moja akawazuia wenzake.

Muuzaji anaandika kwamba kinatosha sungura sita. Hakitoshi! Wawili wadogo, wakiwa wamefungwa uzazi, na bado watoke nje saa kadhaa kila siku. Madume wakifika miezi mitatu au minne wanaanza kupigana na kung'atana sehemu za siri, na dume na jike usipowafunga uzazi, siku 31 tu una watoto.

Magurudumu yang'oeni. Siafu wakija usiku wanapanda kwenye kizimba na sungura hana pa kukimbilia. Weka miguu ya kawaida, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, kizimba kisiguse ukuta, na unyasi usining'inie hadi chini, maana huo mmoja ni daraja.

Bei sasa. Kinauzwa shilingi 8,500. Ongeza waya mpya, bomba na kazi ya fundi, unakaribia 12,000 kwa kitu kipya. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu kwa pesa hiyo kuna mpinzani: uzio wa kukunja, paneli nane zenye urefu wa sentimita 90. Unausimamisha sebuleni, mkeka chini, beseni kwenye kona, hakuna waya wa kukanyaga hata kidogo. Chukua huo wa 90, wa 60 wanauruka. Nilianza video nikiwa nimekipenda kizimba kwa huu mlango, na mlango bado naupenda, lakini anayeishi nyumba ya kupanga mwenye sungura wawili, ningemwambia anunue uzio. Kizimba mwachie mwenye ua na tatizo la paka.

Muuzaji nimemwandikia kuhusu sakafu na chuma cha katikati. Akibadilisha, nitakirudisha hapa hapa mezani na pakiti hizi hizi za unga. Wewe mwenye sungura nyumbani, wageuze leo uangalie visigino vyote viwili vya nyuma, kisha niandikie chini ulichokiona na sakafu yako ni ya nini.