Mkeka wangu wa ukindu, mwaka wa tatu sasa

Mkeka huu niliununua Darajani, Unguja, siku ya mwisho ya safari. Muuzaji alitaja 60,000, tukapatana 45,000. Akauviringisha, akaufunga kamba, nikapanda nao boti mpaka Dar es Salaam.

Kabla yake niliwahi kununua mwingine, barabarani, wa rangi za kuvutia kweli. Chai ikamwagika, zambarau ikahamia kwenye shuka jeupe, na mpaka leo haijatoka. Ndiyo maana safari hii nililowesha kidole nikasugua mstari mwekundu palepale dukani. Kidole kikabaki safi. Halafu nikaugeuza nione mgongo wake. Mkeka ni ukili mrefu, yaani utepe uliosukwa, ulioshonwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo uhai wake uko kwenye mishono. Niliuinua kuelekea mlangoni, mwanga haukupenya popote. Muuzaji mwenye mali nzuri hakasiriki ukimkagulia hivyo.

Nyumbani haupumziki. Watoto wanaandikia hapo, mchana wa joto mimi najilaza hapo, na tofauti na mkeka wa plastiki, ukiinuka ngozi haikunati kwa jasho. Ulikuja mweupe, sasa umekuwa rangi ya asali, na pale ninapokaa kila siku pamelainika kabisa. Nikiufagia asubuhi unatoa harufu ya majani makavu, na harufu hiyo naipenda kuliko udi.

Una masharti yake. Usiuloweke, upanguse kwa kitambaa chenye unyevu na uuanike kivulini. Usiukunje kama shuka, viringisha, maana ukindu ukikunjwa unavunjika. Masika niliusahau nyuma ya kabati ukaota kuvu pembeni. Nilisugua kwa limau na chumvi, alama kidogo imebaki.

Mwaka jana mshono mmoja ukaachia, kiasi cha shubiri. Nikataka kununua mpya. Bibi jirani yetu, mzaliwa wa Pemba, aliposikia akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu. Nitafutie ukindu." Nikampelekea. Akauchana kwa ukucha, vipande vyembamba vya upana mmoja, akavilowesha kidogo vilainike, akashona pale palipoachia. Ukitazama haraka hupaoni. Vilivyobaki akanitilia mkononi: "Sasa suka."

Ukili wangu wa kwanza ulibana upande huu, ukalegea ule. Bibi aliufumua wote bila kusema neno, tukaanza upya. Kazi yenyewe iko kwenye kupachika: kipande kikikaribia kuisha unaingiza kingine chini yake kabla hakijaisha, msuko usijue kama umebadilishiwa. Siku vidole viliposhika hilo bila mimi kuangalia, nilifurahi mno, nikamwita mume wangu aje aone. Kazini nashinda na kompyuta, jioni sina cha kushika nikasema hiki nimekifanya leo. Sasa ninacho.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mkeka huu unastahili 45,000, nakwambia nunua, na ukipata wa kukufundisha kusuka, mkalie karibu. Mimi nasuka ukili wa vidole vitatu, wa msala wa mama. Bibi anasema pima kumi zitatosha, pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Nimefika sita.