Koli ya Lubumbashi–Kolwezi: uzoefu wangu na ajensi iliyonivunjia gita

Huduma ya koli, yaani ya kubeba mizigo, ya ajensi moja ya basi hapa Lubumbashi, Kongo, naipa nyota 1. Kwa kusafirisha watu ningewapa 4, nami nasema hivyo kwa haki: basi liliondoka Lubumbashi kwa saa yake, shofa hakukimbia, viti vilikuwa vizima, na hakuna aliyesimamishwa katikati. Lakini mimi niliwalipa mara mbili, mara ya kwanza kwa kiti changu na mara ya pili kwa mzigo wa gita langu, na gita halikufika. Lilifika kasha. Jina la ajensi siliandiki kwa sababu barua yangu bado iko mezani kwao. Naandika kwa ajili ya wanamuziki wenzangu wa mitaa ya Lubumbashi, Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi, ambao kila wiki wanaitwa kupiga ndoa na matanga Likasi na Kolwezi, na ambao wengi hawana njia nyingine ila basi.

Gita lenyewe ni Gallotone, la nyuzi 6 za chuma, lililotengenezwa Afrika Kusini. Baba yangu mkubwa alilinunua zamani za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, alipokuwa anatumika Likasi, wakati ule mji ukiitwa Jadotville. Gita za namna hiyo hazikuwa za matajiri. Zilikuwa za watu wa kazi, waliozinunua kwa mshahara wa mgodi na kuzipiga jioni mbele ya nyumba za kambi. Sauti yake ilikuwa kavu, fupi, noti ikitoka inakatika mara moja, wala haivutiki kama ya gita za siku hizi. Anayepiga mtindo wa Katanga, dole gumba likitembea chini na kidole cha shahada kikisema juu, anajua kwa nini tunaitafuta sauti hiyo. Ukipiga hivyo kwenye gita lenye mwangwi mrefu, sauti ya gumba na ya kidole zinachanganyikana, na msikilizaji hawezi tena kudhani kwamba wanaopiga ni watu wawili. Mwenda Jean Bosco, mpiga gita mkubwa wa Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, hapo hapo Jadotville mwaka 1952, na hadi leo vijana wanaozisikiliza rekodi hizo huuliza mpigaji wa pili ni nani. Yuko peke yake. Baba mkubwa alinifundisha mtindo huo kwenye gita hili, na alipokuwa amelala kitandani karibu na kufa ndiye aliyesema niachiwe mimi, si wanawe, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nalipiga.

Basi, safari. Kolwezi iko kilomita 300 hivi kutoka hapa, unapitia Likasi. Kwenye gishe, dirisha la tiketi, niliomba gita likae nami ndani. Papa wa gishe akakataa: kitu kikubwa kama kile ni bagaji, na bagaji inakwenda chini. Nikamwambia niko tayari kulilipia kiti. Akasema viti vimekwisha. Akalipima kasha, akanitoza, akanipa jeto, kile kitambulisho cha kuchukulia mzigo, akaandika kwa bic nyekundu juu ya kifuniko kwamba ni kitu cha kuvunjika. Nikamwomba liwekwe juu ya mizigo mingine, si chini yake. Akaniangalia vizuri usoni, akasema: «Mama, usiogope, itafika muzuri.» Nilimwamini, na hata leo siamini kwamba alinidanganya. Alisimama mwenyewe pale kwenye buti, akawaonyesha vijana wa kupakia mahali pa kuliweka, wakaliweka juu ya magunia ya bunga (unga), mahali pa laini. Lubumbashi kazi ilifanywa vizuri kabisa.

Kasha halikuwa begi la kitambaa. Seremala wa Katuba alinitengenezea kwa tripleksi (plaiwudi) nene, ndani nikaweka sponji ya godoro, kipande cha nguo iliyokunjwa chini ya shingo karibu na kichwa, na nyuzi nilizilegeza. Nyuzi 6 za chuma zikikazwa sawasawa zinavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, kwa hiyo anayesafiri huzilegeza ili mbao isibebe mzigo huo pamoja na mitikisiko ya barabara.

Likasi ndiko kila kitu kiliharibika. Pale wengine wanashuka, wengine wanapanda, na buti inafunguliwa na vijana wengine kabisa, ambao hawakuwapo Lubumbashi na hawajui kilichosemwa kule. Magunia ya bunga yalikuwa ya mtu wa Likasi. Yakatolewa. Ili yatoke, ilibidi kasha langu litoke kwanza. Nilishuka, nikasimama kwenye buti, nikasema kuna gita mule. Kijana mmoja akajibu kwamba wanajua, wanapanga tu. Shofa akapiga honi, tukaitwa ndani, nami nikarudi kwenye kiti changu, kilichokuwa upande wa pili wa basi.

Tulipofika Kolwezi giza lilikuwa limeingia. Buti ilipofunguliwa, juu ya kasha langu palikuwa na jenereta. Mwenye jenereta alikuwa msafiri kama mimi, mzee mwenye adabu, akaniambia aliipandisha Likasi na hakuambiwa imewekwa juu ya nini. Alinipa pole kabla sijafungua, maana aliona uso wangu. Yule wa ajensi aliyenipa kasha aliligeuza kwanza, upande uliobonyea ukawa chini, ndipo akanyosha mkono kuomba jeto. Hilo la kuligeuza ndilo linaloniuma kupita yote, kwa sababu mtu asiyejua kwamba kitu kimeharibika hana haja ya kukigeuza.

Nilifungua pale pale, chini ya taa ya kituo. Kichwa kilikuwa kimekatika, kinaning'inia kwa nyuzi. Ubao wa mbele ulikuwa umeingia ndani, daraja, pale nyuzi zinapofungwa, limeng'oka na kipande cha mbao, ubavu mmoja umepasuka kutoka chini hadi kiunoni. Sikulala usiku ule. Ndoa niliipiga kwa gita la kuazima, na bibi harusi alifurahi. Sina zaidi la kusema juu ya ndoa.

Niliporudi Lubumbashi nililipeleka kwa fundi wa gita wa Kamalondo, mzee ambaye nusu ya orkesta za mji huu zimepita mikononi mwake. Naomba msome sehemu hii kwa makini, kwa sababu itawasaidia siku mtakapoambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba hakuna aliyeangusha kitu. Fundi alikiweka kichwa juu ya shingo, akakitoa, akakiweka tena, akasema gita hili limeumizwa mara mbili kwa namna mbili. Shingo halikukatwa na jenereta. Kichwa cha gita kina chuma za kukazia nyuzi, ni kizito, na hapo kinapoungana na shingo mbao ni nyembamba kuliko mahali pengine pote. Kasha likianguka kwa mgongo kutoka juu, mwili wa gita unasimama ghafla, kichwa kinataka kuendelea na safari, na mbao inakatika hapo hata kama kasha halina alama. Uzito unaokaa juu ya kifuniko haufanyi hivyo; uzito huvunja ubao wa mbele, ambao ni mwembamba ili uweze kuimba, na huvunja vijiti vya ndani vinavyoushikilia. Kwa hiyo kasha liliangushwa au lilitupwa, kisha likawekewa jenereta.

Kuhusu kutengeneza, alinieleza bila kunificha. Shingo linawezekana: mkato ulikwenda mrefu, ukifuata nyuzi za mbao, na mkato wa namna hiyo ukitiwa kole (gundi) na kubanwa vizuri unashika. Ungekuwa mfupi, wa kukata moja kwa moja, kole ingekosa mahali pa kukamata. Ubao wa mbele hauwezekani. Anaweza kuweka mpya, lakini sauti ya gita inakaa kwenye ubao ule, na akiubadilisha nitakuwa na gita lingine lenye ubavu na mgongo wa Gallotone. «Mimi nitakufanyia ukitaka,» alisema, «lakini usiniletee tena kuniambia haliimbi kama zamani, kwa sababu nimekuambia leo.» Huyo nampa nyota 5. Hakuchukua hata faranga moja kwa kuliangalia, na angeweza kunilia pesa nyingi kwa kunipa matumaini.

Turudi kwa ajensi. Walinipokea kwa heshima, walinipa kiti, na ndipo nikasikia mambo matatu. La kwanza, nyuma ya tiketi imeandikwa kwamba ajensi haihusiki na vitu vya kuvunjika. La pili, kijana aliyepakia Likasi «haiko mutu wetu, ni wa kutumika siku na siku». La tatu, gita la zamani hivi halina bei, wakanipa dola 40 kama msaada. Nilikataa.

Juu ya hilo la kwanza: kama hamhusiki na vitu vya kuvunjika, msivipokee. Waliandika wenyewe kwa bic nyekundu kwamba kinavunjika, wakanitoza pesa juu yake. Huwezi kupokea pesa ya kuchunga kitu huku umeandika mgongoni mwa karatasi kwamba hukichungi.

Juu ya la pili, jirani yangu aliyesoma sheria alinionyesha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya nchi yetu, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo mahakama zetu bado zinaitumia. Kifungu cha 258 kinasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuirekebisha. Kifungu cha 260 kinambebesha bwana wa kazi makosa ya wale aliowapa kazi, wanapokuwa katika kazi hiyo. Hakiulizi kama kijana analipwa kwa mwezi au kwa siku. Buti ni ya ajensi, jeto ni la ajensi, na aliyemruhusu kijana kuingiza mkono katika buti ile ni ajensi. Barua yangu niliiandika hivyo, nikaambatisha picha, nakala ya jeto, na maneno ya fundi kwa maandishi.

Juu ya bei, ni kweli sokoni Gallotone kuukuu haitaleta pesa nyingi. John Lennon wa Beatles naye alianza na Gallotone, ile ya Champion, yenye karatasi ndani inayoahidi kwamba gita halitapasuka, na mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 150,000. Langu halikupigwa na Lennon, wala siombi pesa ya Lennon. Nimeomba bei ya gita zuri la akustiki lenye kazi sawa, na kazi mbili nilizokosa nikiwa sina chombo. Dola 40 hapa mjini hazikununulii hata gita la mtoto la kudumu mwaka.

Najua mahali pengine pia vyombo huvunjika. Mwanzoni mwa 2020 huko Berlin, wabebaji waliiangusha piano ya Angela Hewitt, mpigaji mkubwa kutoka Kanada. Ilikuwa Fazioli aliyoipenda na kurekodi nayo kwa miaka mingi, na alikuwa amemaliza kurekodi Beethoven siku hizo hizo. Fremu ya chuma ikavunjika, na Paolo Fazioli mwenyewe, aliyeitengeneza, akasema haitengenezeki. Ila wale wabebaji walikwenda wenyewe kumwambia alipokuwa. Mimi nililetewa kasha lililogeuzwa.

Kama lazima upande basi na chombo, nunua kiti cha pili mapema, siku moja kabla, wakati viti bado vipo, na tiketi iandikwe jina lako mara mbili ili asiwepo wa kukuondoa njiani. Kama wamekataa kabisa, kaa upande wa buti, na Likasi usikubali kupanda kabla buti haijafungwa mbele ya macho yako, hata honi ikilia. Piga picha ya kasha kabla halijaingia, na fungua ukiwa bado kituoni, mbele ya mtu wao, kabla hujawarudishia jeto. Mimi jeto nililishika mpaka nilipofungua, ndiyo maana nina nakala yake. Kasha lako, hata la tripleksi nene, linazuia mikwaruzo. Jenereta halizuii.

Nilichowaomba ajensi, zaidi ya pesa, ni kitu kidogo wanachoweza kuanza kesho: karatasi ya koli itembee na basi, na kila kituo buti inapofunguliwa aliyepo aweke jina lake kwamba ameona kilicho cha kuvunjika. Aliyeniahidi Lubumbashi alitimiza ahadi yake. Njiani hakuna mtu aliyeipokea kutoka kwake. Waliniambia mkuu atajibu barua. Akijibu, nitaongeza jibu lake hapa hapa, na kama ni zuri nyota zitaongezeka.