CATNAP ya Los Alamos: jedwali zuri lenye mapengo pabaya

CATNAP ni huduma ya mtandaoni ya Maabara ya Taifa ya Los Alamos, Marekani, isiyodai ada, nayo huweka matokeo ya vipimo vya kingamwili dhidi ya VVU kando ya mpangilio wa asidi amino wa protini ya Env, iliyo kwenye ganda la nje la kirusi kilichopimwa. Sijaona kwingine panapodhihirika vizuri namna hii jinsi badiliko dogo la kinasaba linavyoinyima kingamwili mahali pa kushika.

Tuchukue kingamwili iitwayo 10-1074, ambayo hutegemea mnyororo wa sukari ulio kwenye nafasi ya 332 ya Env. Ukiichagua pamoja na virusi vya aina-ndogo C, iliyotawala kusini mwa Afrika, safu ya IC50, yaani kiasi cha kingamwili kinachopunguza maambukizi kwa nusu, huonyesha namba nyingi zisizofika mikrogramu 1 kwa mililita. Ukihamia CRF01_AE, aina mseto ya VVU iliyoenea Thailand, safu hiyohiyo hujaa “>50”, na ukitupia jicho mpangilio wenyewe unaona kwa nini: herufi N, asidi amino inayobeba sukari hiyo, haipo 332, ipo 334, na sukari imehama nayo. Ni hatua mbili tu, lakini kingamwili imeshapotezwa. (Anayeanza asidhani “>50” ni sawa na 50, maana yake ni kwamba kipimo kiliishia hapo bila kirusi kuzimwa.)

Lawama yangu ni kuhusu IC80, kiasi kinachozuia asilimia 80 ya maambukizi. Majaribio ya AMP, ya kukinga watu dhidi ya VVU kwa kingamwili VRC01, yaliyochapishwa 2021 na kuhusisha watu 4,623, wakiwemo wanawake wa Tanzania na Kenya, yalionyesha kwamba kingamwili hiyo haikupunguza maambukizi kwa ujumla, ila dhidi ya virusi vyenye IC80 chini ya mikrogramu 1 ilikinga kwa takriban asilimia 75. Hivyo namba iliyobainisha nani alikingwa ndiyo yenye mapengo mengi kwenye jedwali, kwa kuwa tafiti nyingi zilizokusanywa humo ziliripoti IC50 peke yake. Kosa hilo si la Los Alamos, lakini ukurasa ungeweza kumtahadharisha mgeni kabla hajapanga virusi vyake kwa IC50 na kuridhika.

Kwenye simu jedwali hili halisomeki, tumia kompyuta. Naipa nyota nne kati ya tano, na ya tano nimeizuilia safu ya IC80.