Tathmini: taarifa ya maporomoko ya theluji katika milima ya Uskoti

Kuanzia katikati ya Desemba hadi takriban katikati ya Aprili, safari yangu ya mlimani huanza jioni ya kuamkia siku yenyewe, mezani, ramani ikiwa imekunjuliwa upande mmoja na taarifa ya Scottish Avalanche Information Service, huduma inayotabiri hatari ya maporomoko ya theluji, ikiwa upande wa pili. Huu ni msimu wangu wa saba wa kuitegemea huduma hii, na nimeona ni haki niiandikie tathmini kwa Kiswahili, kwa kuwa wapo wenzetu wanaoishi Uskoti ambao wameipenda milima yake wakati wa kiangazi na sasa wanatamani kuipanda wakati wa baridi. Mtu aliyelelewa mbali na theluji hudhani kwamba ni kitu kimoja tu, cheupe na baridi, ambacho kikishaanguka kimeanguka. Nami nilidhani hivyo. Huduma hii ndiyo iliyonifunza kwamba theluji hulala kwa matabaka, kwamba tabaka la leo linaweza kuwa halijashikamana na la juzi, na kwamba uzito wa mtu mmoja ukikanyaga mahali pabaya unatosha kuyaachanisha.

Huduma ilianza kwa majaribio katika majira ya baridi ya 1988/89. Inagharimiwa na sportscotland, shirika la taifa la michezo la Uskoti, na makao yake yapo Glenmore Lodge, kituo cha taifa cha mafunzo ya michezo ya nje kilicho karibu na Aviemore. Inashughulikia maeneo sita: Lochaber, ambamo ndimo ulimo mlima Ben Nevis, Glencoe, Creag Meagaidh, Torridon, na pande mbili za Cairngorms, ya kaskazini na ya kusini. Mtumiaji halipi chochote. Jambo ninalolithamini kuliko yote ni kwamba taarifa haitungwi ofisini. Karibu kila siku ya msimu watabiri wenyewe hupanda mlimani, wakachimba shimo kwenye theluji, wakakagua tabaka moja baada ya jingine kwa ugumu wake, umbo la chembe zake na joto lake, kisha wakapima ni kwa urahisi gani matabaka hayo yanateleza moja juu ya jingine. Walichokiona hurudi nacho bondeni, hukioanisha na utabiri wa hali ya hewa, na ifikapo jioni taarifa ya siku inayofuata huwa tayari, pamoja na mchoro wa shimo lenyewe na picha zilizopigwa siku hiyo.

Kiini cha taarifa ni duara lililogawanywa kama dira. Pembeni zimeandikwa pande nane, na kutoka ukingoni kuingia katikati mwinuko huongezeka, kana kwamba unautazama mlima ukiwa angani, kilele kikiwa ndicho kitovu. Kila kipande cha duara kimetiwa rangi kulingana na daraja la hatari: kijani ni daraja la kwanza, hatari ndogo, njano ni la pili, hatari ya wastani, rangi ya chungwa ni la tatu, hatari kubwa kiasi cha kuhitaji uangalifu mwingi, nyekundu ni la nne, na juu yake lipo la tano, ambalo katika milima hii huonekana mara chache. Ukitaka kujua duara hilo lina faida gani, lisome ukiwa na ramani. Weka kidole kwenye mteremko unaokusudia kuupanda, uliza unatazama upande gani na uko mita ngapi juu ya bahari, halafu tafuta kipande hicho kwenye duara. Mara nyingi utakuta mlima uleule una kijani upande wa kusini magharibi na chungwa upande wa kaskazini mashariki, na umbali kati ya pande hizo mbili, kwa miguu, hauzidi nusu saa.

Tofauti hiyo huletwa na upepo. Milima ya Uskoti si mirefu kwa kipimo cha dunia, kwani Ben Nevis wenyewe, ambao ndio mrefu kuliko yote, una mita 1,345 tu, lakini imekaa kwenye njia ya dhoruba zinazotoka Atlantiki bila kizuizi. Kileleni Cairn Gorm, tarehe 20 Machi 1986, ulipimwa upepo wa kasi ya maili 173 kwa saa, yaani karibu kilomita 278. Hata upepo wa kawaida, usiofika robo ya huo, unatosha kuibeba theluji kutoka upande mmoja wa mlima na kuirundika upande wa pili. Mabaharia wa pwani yetu wana maneno mawili ambayo nimeyaona yanaueleza mlima huu kuliko maelezo marefu: joshini ni upande upepo unakotokea, na demani ni upande uliokingwa. Joshini theluji hupeperushwa hadi mawe yakaonekana. Demani hurundikana na kugandamana kuwa bamba gumu juu, lililokaa kwenye tabaka dhaifu chini yake. Bamba hilo ndilo linalosababisha sehemu kubwa ya maporomoko ya Uskoti, na mara nyingi anayelivunja ni yuleyule linayemfukia.

Nitatoa mfano wa siku moja ya Februari ambapo taarifa ilibadilisha mpango wetu wote. Tulikuwa watu watatu, na tulikusudia kuingia Coire an t-Sneachda, bonde lenye umbo la bakuli upande wa kaskazini wa Cairngorms, kisha tupande kwa njia inayoitwa Goat Track hadi uwanda wa juu. Upepo ulikuwa umevuma siku mbili kutoka kusini magharibi. Kwenye duara, vipande vyote kutoka kaskazini hadi kusini mashariki, juu ya mita 900, vilikuwa vya rangi ya chungwa, na maelezo chini yake yalisema wazi kwamba bamba jipya halijashikamana na theluji ya zamani. Njia yetu ilipita katikati ya rangi hiyo. Tukaiacha, tukapanda kwa Fiacaill a' Choire Chais, mgongo mpana ambao upepo ulikuwa umeufagia hadi changarawe zikatokeza, na tukafika alama ya mita 1,141 bila kukanyaga theluji iliyozidi kifundo cha mguu. Njiani palikuwa na tuta dogo la theluji upande wa demani, lisilozidi urefu wa mlango, na chini yake pamesawazika kiasi kwamba hapakuwa na pa kuangukia. Nilichora mraba kwa mpini wa shoka la barafu, nikaukanyaga kwa mguu mmoja. Ulisikika mvumo mfupi, mzito, kama mlango unaofungwa chumba cha chini, na bamba lote likateleza kwa pamoja, unene wake shubiri moja, kingo zake zimenyooka kama kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa uzi. Chini yake kulikuwa na chembe kavu zisizoshikana, zilizomwagika mkononi kama sukari. Tulisimama pale kwa muda tukilitazama. Hayo ndiyo yaliyokuwa yameandikwa jioni iliyotangulia, na sasa tumeyashika kwa mikono.

Kasoro ninayoiona mara nyingi ni ya wasomaji, na haina budi kutajwa kwa sababu inaipunguzia huduma thamani yake. Wengi huchukua namba peke yake. Wakiona daraja la tatu, huhesabu kwamba tatu katika tano ni katikati, na kwamba katikati ni pa kawaida. Hesabu hiyo ni potofu, kwa sababu hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa: kutoka la pili kwenda la tatu ni mruko mkubwa, na katika daraja la tatu mtu mmoja anaweza kabisa kulivunja bamba kwa uzito wake. Isitoshe, mahali pa hatari si lazima pawe jabali la kutisha. Chalamain Gap ni kipenyo chembamba cha mawe, kilicho kwenye mwinuko wa takriban mita 700 juu ya bahari, ambacho wengi hukipita wakiwa njiani kwenda milima mikubwa zaidi; mnamo Februari 2013 watu watatu walifariki hapo kwa maporomoko. Ndiyo maana ninasisitiza maelezo ya maandishi yasomwe hadi mwisho, kwa kuwa humo ndimo utakapokuta iwapo bamba limetapakaa au liko hapa na pale, iwapo liko chini ya kingo za uwanda au ndani ya makorongo, na iwapo joto linatarajiwa kupanda mchana.

Taarifa hii haijitoshelezi, na wala haidai hivyo. Mimi huisoma pamoja na utabiri wa Mountain Weather Information Service, ambao nao hutolewa bure na umeandikwa mahususi kwa watu wa milimani. Uzuri wake ni kwamba hauishii kwenye kasi ya upepo. Unaeleza upepo huo utakufanya nini, kama vile kutembea kutakuwa kugumu au kusimama wima kutashindikana. Unataja pia joto katika mita 900, mwinuko ambako kuganda kunaanzia, na uwezekano wa vilele kuwa nje ya mawingu. Kipengele hicho cha mwisho nakipa uzito sana. Kwenye uwanda wa Ben Nevis, theluji na ukungu vikikutana, ardhi na anga huwa rangi moja na jicho halioni ukingo ulipo. Kutoka kileleni mtu hutembea mita 150 akifuata mwelekeo wa dira wa nyuzi 231 za gridi ya ramani, kisha wa nyuzi 282, ili kulikwepa korongo la Gardyloo Gully upande mmoja na la Five Finger Gully upande mwingine. Katika mwanga wa Desemba, ambao ni wa takriban saa saba tu kwa siku, namba hizo hazifai kutafutwa ukiwa umeshachelewa. Mimi huziandika kwa penseli kwenye ramani kabla ya kulala.

Kwa wapanda majabali, huduma hizi mbili zina kazi nyingine ambayo wageni huikosa. Barafu nzuri ya Uskoti hutengenezwa na kuyeyuka na kuganda kwa kupokezana: joto likipanda juu ya vilele kwa siku moja kisha baridi ikarudi, theluji ya makorongo ya Ben Nevis hugeuka kuwa ngumu, yenye kushika kramponi, yaani vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu, na shoka kwa pigo moja. Katika Cairngorms, ambako njia nyingi hupita kwenye mawe na nyasi, kinachosubiriwa ni udongo na nyasi kuganda hadi ndani, kwa sababu kuvipiga shoka vikiwa laini ni kuharibu mimea na kuinyang'anya njia mishikio yake. Msomaji anayefuata michoro ya mashimo na mwinuko wa kuganda kwa wiki nzima ataweza kukisia hali ya jabali kabla ya kuliona. Mimi huandika joto la mita 900 la kila siku kwenye daftari, na mwisho wa wiki daftari hilo hunieleza zaidi kuliko picha nzuri ya mtu aliyepanda siku kumi zilizopita.

Upungufu upo. Maeneo sita ni machache kwa nchi yenye vilele 282 vinavyohesabiwa kuwa Munro, yaani vyenye zaidi ya futi 3,000. Kisiwa cha Skye hakimo, vilevile milima ya Arrochar na ya Ben Lawers, ambayo kwa mkazi wa Glasgow ndiyo iliyo karibu zaidi. Wanaokwenda huko hulazimika kusoma taarifa ya jirani, kufuatilia upepo wa siku tatu au nne zilizopita, na kujaza pengo kwa ujuzi wao wenyewe, jambo ambalo simshauri anayeanza. Pia taarifa ni ya eneo zima, si ya mteremko mmoja, na lugha yake inadhani msomaji anayajua tayari majina ya aina za theluji. Ningependa kuona maelezo mafupi ya msamiati huo yakiwa karibu zaidi na duara.

Hata hivyo, kama ningetakiwa kuipa alama, ningeipa tisa kati ya kumi, na hiyo moja ningeizuia kwa sababu ya milima iliyoachwa nje. Msimu wa huduma hufungwa Aprili, lakini theluji ya makorongo ya juu ya Ben Nevis hubaki hadi Mei na kuendelea, na penu za theluji zilizojengwa na upepo wa miezi mitano huwa bado zimening'inia juu ya njia, zikilegea kila jua linapochomoza. Katika wiki hizo huondoka saa kumi alfajiri, nikawa nimetoka korongoni kabla jua halijafika kwenye ukingo, na ikiwa usiku haukuganda siingii korongoni kabisa.