Siku 8 za ukimya: maoni yangu kuhusu mafungo ya Mtakatifu Ignasi

Mimi si Mkatoliki. Nimezoea sala ya kupaza sauti, ya kusimama na kulia pamoja na wenzangu, na sikuwahi kufikiri kwamba ningeomba nafasi kwenye mafungo ya ukimya, yaani siku za kujitenga kwa ajili ya sala, yanayoongozwa na watawa. Nimetoka huko wiki 3 zilizopita. Wanakwaya kadhaa wameniuliza kama ningewashauri waende, na kwa kuwa jibu ni refu, naliandika hapa.

Nilikwenda na jambo moyoni. Nimefundisha kwaya miaka 14. Mwaka jana wazee wa kanisa waliamua kazi hiyo ipewe kijana, wakanishukuru mbele ya ibada, basi. Nilimkabidhi ufunguo wa kabati na majoho yote. Faili la nyimbo sikumkabidhi. Ni faili nene la kijani, lina nyimbo zaidi ya 200 nilizoziandika nota kwa mkono wangu, usiku, baada ya kazi. Nilijiambia ni jasho langu. Kisha nikaanza kuomba, na nikawa nawaambia watu kwamba nataka kujisalimisha kwa Mungu kabisa. Kweli nilitaka. Ila ndani ya ombi hilo nilikuwa nimeficha jingine: anirudishie kwaya.

Mafungo haya yanafuata Mazoezi ya Kiroho, mwongozo wa sala wa Ignasi wa Loyola, kwa ufupi. Kwa ukamilifu wake huchukua siku kama 30, zilizogawanywa katika sehemu 4 ambazo yeye aliziita majuma. Ignasi alikuwa mtu wa vita. Mwaka 1521 risasi ya mzinga ilimvunja mguu kule Pamplona, Hispania, akalala kitandani miezi, na hapo ndipo mawazo yake yalipoanza kugeuka. Mwaka uliofuata aliuacha upanga wake madhabahuni huko Montserrat, akaenda Manresa kuishi kama maskini, na mengi aliyojifunza huko kwa sala na mateso ya moyo ndiyo yaliyozaa mwongozo huu. Papa Paulo III aliuidhinisha mwaka 1548. Naeleza hivyo kwa sababu ilinisaidia kujua kwamba aliyeuandika alikuwa na kitu mkononi cha kuachia.

Sasa huduma yenyewe. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, kiti na msalaba ukutani, na kilikuwa safi. Simu tuliziweka kwenye kisanduku siku ya kwanza, kwa hiari. Kwa siku kulikuwa na vipindi 4 vya sala, kila kimoja saa nzima, na katikati yake unatembea au unaandika kwenye daftari. Ukimya ni wa kweli: hata mkipishana mlangoni hamsalimiani. Siku 2 za mwanzo jambo hilo liliniuma, nikahisi kama ninawakosea watu adabu. Kufikia siku ya 4 nilikuwa ninawaombea wale ambao sikuwa nimewasikia hata sauti.

Kitu bora kuliko vyote pale ni mlezi unayepangiwa. Wangu alikuwa mtawa wa makamo, na tulionana mara moja kwa siku, muda usiofika saa moja. Nilitegemea mahubiri. Hakuhubiri hata mara moja. Ananiuliza nini kilitokea katika sala, anasikiliza, ananipa kifungu cha Maandiko cha siku inayofuata, naondoka. Nilipomwuliza siku ya 3 kama anaona nimekosewa na wazee, alikaa kimya kidogo, akasema, “Mama, hilo mpelekee Bwana, usiniletee mimi.” Nilikasirika. Baadaye nilijua kwamba Ignasi mwenyewe anamtaka mlezi asimame katikati kama mizani, asimvute mtu upande wowote, amwache Muumba ashughulike na kiumbe wake. Sijawahi kuongozwa na mtu aliyejizuia namna ile, na ndiyo sababu hasa ya kuyasifu mafungo haya.

Siku ya 5 alinipa tafakari ya watu wa aina 3. Kila mmoja amepata dukati (sarafu za dhahabu za zamani) 10,000, wala hakuzipata kwa ajili ya Mungu tu, na kila mmoja anaona moyo wake umeshikamana nazo. Wa kwanza anatamani kuwa huru, lakini hafanyi lolote mpaka saa ya kufa. Wa pili anataka kuwa huru huku akibaki nazo, yaani Mungu ndiye aje pale anapopataka yeye. Wa tatu hataki kubaki nazo wala kuzitoa. Anataka tu lile ambalo Mungu atalitaka. Nilisoma habari ya yule wa pili nikafunga daftari. Nilikuwa nimemwona mwenye faili la kijani.

Saa ile ya sala ilikuwa kavu kuliko zote. Ignasi anashauri kwamba sala inapokuwa kavu hivyo mtu akae hata zaidi kidogo ya saa yake, badala ya kupunguza. Nilikaa. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Nilichopata ni kukubali tu kwamba nilikuwa nimempelekea Mungu ombi ambalo jibu lake nilikuwa nimekwisha kuliandika.

Kesho yake mlezi alinipa Warumi 12, aya 2 za mwanzo, ambazo nimezihubiri mimi mwenyewe kwenye semina za akina mama. Nilipozisoma polepole, neno moja lilinizuia: mgeuzwe. Paulo hasemi mjigeuze. Hiyo herufi moja, w, nimeipita miaka yote. Miaka yote nimekuwa ninajigeuza: ninafunga, ninakesha, ninaweka nadhiri kila Januari, na kila mara ninayemkuta mwisho wa mwaka ni mimi yuleyule mwenye ratiba nzuri zaidi. Ndivyo ilivyo pia katika 2 Wakorintho 3:18, “tunabadilishwa”, na kitenzi cha Kigiriki kilicho chini ya maneno hayo mawili ni kilekile kinachotumiwa Yesu alipogeuka sura mlimani. Sehemu yangu ni ile ya aya ya kwanza, kuutoa mwili uwe dhabihu. Dhabihu hailali madhabahuni ikiwa imeshika kitu.

Sisemi kwamba kujisalimisha ni kulegea. Bwana wetu pale Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee, ndipo akasema “si mapenzi yangu, bali yako yatendeke”. Alisema anachotaka. Nami nilihitaji ruhusa hiyo. Jioni ya siku ya 6 nilimwambia Mungu waziwazi, kwa mara ya kwanza bila maneno ya kanisani, kwamba naitaka kwaya yangu na kwamba nimeumia. Nililia sana. Baada ya hapo ile sala nyingine iliwezekana.

Jambo jingine lililonishangaza ni mpangilio. Sala maarufu ya Ignasi ya kumtolea Bwana uhuru wote, kumbukumbu, akili na utashi inakuja mwishoni kabisa. Kabla yake unaketi na kukumbuka ulivyopokea: kuumbwa, kukombolewa, na zawadi zako wewe binafsi, moja baada ya nyingine. Nilijaza kurasa 6. Kwenye ukurasa wa 3 niliandika sikio langu la muziki, nikakumbuka kwamba hata hilo sikujipa. Huko kwetu tunawaita watu wajitoe katika dakika 10 za mwisho za ibada, huku kinanda kikipigwa, kabla hawajakumbuka lolote. Nadhani tunapaswa kulitazama upya jambo hilo.

Kuna mambo ambayo sikuyapenda. Siku ya kwanza tulipewa makaratasi mengi mno. Aliyekuja amechoka hawezi kuyasoma yote, na mawili yangetosha. Milango ya ukumbi inapigwa kwa kishindo, na katika ukimya wa namna ile kila mlango unakushtua. Kosa kubwa zaidi ni mwisho wake. Tulifunga kwa ibada nzuri, tukarudishiwa simu, na katika muda usiofika saa moja kila mtu alikuwa njiani. Hakuna aliyetuandaa kurudi. Mimi nilifungua simu nikakuta ujumbe 140 wa kikundi cha kwaya, nikahisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Wangetenga hata nusu siku ya kutoka taratibu kwenye ukimya.

Tena si kwa kila mtu. Aliyefiwa juzi, au anayepita katika ugonjwa wa akili, azungumze kwanza na walezi na daktari wake kabla ya kujifungia siku 8 na mawazo yake. Asiyeweza kuacha kazi au watoto anaweza kufanya mazoezi haya nyumbani kwa miezi kadhaa, akionana na mlezi mara kwa mara. Ignasi aliliwekea jambo hilo nafasi yake, halikubuniwa juzi. Kwa mtu anayejua kuna kitu amekishika lakini hajui namna ya kukunjua vidole, ningemwambia aende.

Jumapili ya kwanza niliporudi, kwaya iliimba polepole kuliko ninavyopenda, na hasira ikapanda ileile. Nilisema ile sala ya mwisho kimyakimya nikiwa nimekaa kwenye benchi, sehemu ya neno “utashi” niliirudia. Jumatano nilibeba faili hadi mazoezini, nikampa yule kijana. Alilifungua hapohapo, akapitia kurasa akifuata nota kwa kidole. Kwenye wimbo wa 37 akasimama, akasema besi ina kosa kwenye mstari wa pili, je, alisahihishe au aache ilivyo?

Nikamwambia asahihishe.