Paneli Zangu za Sola Baada ya Miaka 11 juu ya Mabati

Mwaka 2014 nilinunua paneli nne za sola, kila moja ya wati 250, katika duka moja la Luthuli Avenue, Nairobi, na fundi akazifunga juu ya mabati ya nyumba yangu Kahawa West. Tathmini nyingi za paneli huandikwa wiki ya kwanza, kioo kikiwa bado kinang'aa, wakati ambapo uimara wake hauwezi kujulikana. Hii naiandika baada ya miaka 11 ya jua, vumbi na masika.

Muuzaji alinihakikishia kwamba paneli haizeeki, na hilo si kweli. Paneli ya silikoni hupoteza takriban nusu asilimia ya nguvu zake kila mwaka, na nyingi hupungukiwa na asilimia moja hadi tatu katika siku za mwanzo kabisa za kupigwa na jua. Ndiyo maana dhamana niliyopewa iliahidi asilimia 90 baada ya miaka 10 na asilimia 80 baada ya miaka 25.

Mwezi uliopita fundi alipanda juu saa sita mchana, anga likiwa jeupe, akazipima moja moja. Kabla ya kuoshwa, paneli tatu zilitoa ampea 7.6 hivi, tulipoziosha kwa maji na kitambaa laini zilipanda hadi 8.3, ilhali kibandiko cha nyuma kinasema 8.8. Hatukuwa na kifaa cha kupima ukali wa jua, kwa hiyo ni makadirio, lakini yanalingana na umri wake, na yanaonyesha kuwa vumbi la barabara yetu lilikuwa limetunyang'anya zaidi ya uzee wenyewe.

Paneli ya nne ndiyo iliyonisikitisha. Wenzake walisoma volti 34, yenyewe ikasoma 22. Ina seli 60 zilizogawanywa katika mafungu matatu, na kila fungu lina daiodi ya kupitishia umeme pembeni pale seli zinapofunikwa na kivuli. Fundi alipokifungua kisanduku cha nyaya mgongoni tulikuta daiodi moja imeungua, na plastiki iliyoizunguka imekuwa ya kahawia. Chanzo kilikuwa tangi la maji nililolipandisha mwenyewe mwaka 2017: kila siku kuanzia saa tisa alasiri kivuli chake kiliangukia kona ya paneli hiyo, na daiodi ikafanya kazi huku ikipata moto kwa miaka mingi hadi ikashindwa, ikaondoka na theluthi nzima ya volti.

Kwenye fungu hilo hilo seli zimeanza kuonekana za manjano. Plastiki inayozishikilia chini ya kioo huchakazwa na joto na miali ya urujuanimno (miali ya jua isiyoonekana kwa macho), ambayo huku kwetu, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni mikali kuliko pwani. Unyevu ukipenya, plastiki hiyo hutoa asidi ile ile inayoipa siki ukali wake, na asidi hiyo hula nyuzi za chuma zinazokusanya umeme. Hapo hakuna cha kurekebisha.

Nawaomba wasomaji wasichanganye uzee na joto. Paneli yenye joto la nyuzi 60 za Selsiasi hupungukiwa na takriban asilimia 14 ikilinganishwa na vipimo vya kiwandani, ambavyo huchukuliwa kwa nyuzi 25, lakini nguvu hizo hurudi ikipoa. Kwa sababu hiyo fundi anayezilaza paneli moja kwa moja juu ya mabati, bila nafasi ya upepo kupita chini, anamwibia mteja kila mchana na kuziharakishia uzee pia.

Nilipokwenda kudai dhamana, duka lilitaka risiti halisi, na ile waliyonipa mwaka 2014 ilikuwa ya karatasi ya joto ambayo maandishi yake yamefutika kabisa. Nakala ya risiti yangu hawakuitaka, na namba za paneli hawakuzitazama. Sitanunua kwao tena. Paneli zenyewe ningezinunua bila kusita, kwa kuwa tatu kati ya nne zimetimiza ahadi yake.

Daiodi imebadilishwa, tangi limehamishwa, na paneli ya nne sasa inasoma volti 33.