Kupiga hema Matema: ziwa safi, kambi ijirekebishe

Matema, wilayani Kyela, ndiyo sehemu ninayowashauri wana-Mbeya wenye watoto wanaotaka kulala kando ya ziwa. Mimi naishi Uyole, na wanangu wamejifunza kuvua kwa ndoana huku Ziwa Nyasa. Unaiacha baridi ya Isyonje, unapita Tukuyu, unateremka mpaka Ipinda, na ukifika unavua sweta. Ziwa liko kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na mbu wapo, kwa hiyo chandarua kiwemo kwenye mizigo.

Kambi tuliyolala iko mchangani kabisa, chini ya miembe. Nimeipenda kwa kivuli na kwa mlinzi ambaye kweli hakeshi kwa jina tu. Kila nilipotoka usiku nilimkuta macho. Kuni zinauzwa hapohapo. Ila mabafu ni mawili kwa kambi nzima, na jioni maji ya tangi yakaisha watu wakiwa bado na sabuni mwilini. Hela ya kuegesha gari nayo hatukuambiwa kwenye simu. Na kwa wageni wengi kiasi kile, mabafu mawili hayatoshi.

Uvuvi sasa. Pale mchangani hupati kitu cha maana. Nenda upande wa Lyulilo, ambako Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja majini na mawe yanaanza. Tulipanda mtumbwi wa mzee mmoja alfajiri, kabla upepo wa kusini haujaamka. Watoto walimwamkia, "Shikamoo babu," naye akawaonyesha kufunga nyungunyungu kwenye ndoana ndogo. "Mama, usirushe mbali," akaniambia. "Shusha mshipi ubavuni mwa jiwe." Kweli, samaki wa mawe walianza kugusa mara moja, wadogo, wa buluu na wa njano. Ziwa hili lina mamia ya aina zao zisizopatikana kwingine duniani, na tuliowatoa tuliwarudisha.

Nilimuuliza kuhusu mbasa. Akasema masika mbasa hupanda mitoni kutaga mayai, na anayetega nyavu mdomoni mwa mto wakati huo anamaliza mbasa wa mwaka kesho. Nilifurahi wanangu wamelisikia hilo kwa mvuvi mwenyewe. Tukamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Maboya ya kuvaa watoto njooni nayo. Kambini hayapo, na mtumbwi wa gogo unayumba. Msiogee karibu na mto Lufilyo unapoingia ziwani, kuna mamba.

Mkiweza, lengeni Jumamosi, siku ya soko la vyungu Lyulilo. Akina mama wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Nilinunua chungu kimoja, nikapikia mbasa wa nyanya na ndimu, tukala na wali wa Kyela.

Mwenye kambi nimeshamweleza habari ya maji. Aprili na Mei msiende na hema, mvua ya Kyela haina huruma. Kuanzia Juni ni sawa.